Uzi wa Mzee wa Duara

Kharumwa, Nyang'hwale
Jumapili, 15 Septemba 2024

Kaka yangu mpendwa Abdulshakur,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, wifi Rukhsana na watoto, na kwamba joto la Lindi halijakumaliza. Sisi huku hatujambo wote. Mama hajambo, ila goti lake linamsumbua asubuhi. Akishatembea hadi kwa jirani kusikiliza habari na kurudi, goti linasahau kabisa.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu mimi ninayeishi kwa kuchaji simu za watu. Sababu ni wewe mwenyewe, kaka. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja umeshasema kumi, na salio likikatika unapiga tena ukiwa umekasirika zaidi. Barua huwezi kuikatiza. Nitamkabidhi dereva wa basi, naye ameshaapa itafika.

Nianze na lile lililokukosesha usingizi. Kaburi la Baba ni zima. Halikuguswa hata jiwe moja. Shamba nalo lipo, tena karanga zilikuwa zimeshavunwa, kwa hiyo hakuna kilichokanyagwa. Yamechimbwa mashimo manne upande wa barabarani na yote yameshafukiwa. Nimeyafukia mimi kwa beleshi, na viganja vyangu vina malengelenge ya kukuonyesha. Basi shusha pumzi, maana sisi huku tumeshashusha.

Sasa lile la pili, la Donatus. Jumatano ile uliponipigia ulisema mpangaji wetu wa chumba cha uani ndiye aliyetuletea mafuriko ya watu, na kwamba utamwandikia mwenyekiti wa kitongoji Donatus apigwe marufuku, asikanyage tena kwetu. Mimi nikaitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka. Nakuomba kalamu yako uiweke chini kwanza. Ukishasoma mpaka mwisho, andika utakacho.

Ili unielewe inabidi nikueleze mambo ya jukwaa, maana wewe na kasimu kako ka tochi hayo huyajui. Kuna mahali mtandaoni panaitwa Jukwaa la Mwamba, ambapo watu wa dhahabu wanajadiliana: wachimbaji, wenye karasha za kusaga mawe, madalali, na wengine ambao dhahabu wameiona kwenye meno ya watu tu. Ukianzisha mazungumzo, hayo yanaitwa uzi, nawe unaitwa mleta mada. Wenzako wanachangia chini yake, mmoja baada ya mwingine, na uzi unarefuka hata kurasa arobaini. Mtu akianza kuzungumzia mpira kwenye uzi wa zebaki, anaambiwa ametoka nje ya mada. Wapo wasiosema kitu miaka na miaka, wanasoma na kuondoka, hao ni wachunguliaji. Wapo wachokozi, kazi yao ni kumtia mtu hasira halafu wakae pembeni wacheke. Wanaosimamia amani wanaitwa modi, na modi akikuchoka anakufungia usiandike, wenyewe wanasema umekula ban. Na hadithi ya kutunga, ya mtu kujisifu kwa jambo lisilokuwepo, inaitwa chai. Ukiambiwa uzi wako ni chai, umedharauliwa hasa.

Lililo kubwa ni kwamba hakuna anayetumia jina lake. Kila mtu kajipachika la kwake, na wote wanaitana mkuu. Hakuna shikamoo wala marahaba. Mtoto wa kidato cha pili na babu wa miaka sabini, wote ni mkuu na mkuu.

Humo kulikuwa na mtu akijiita Mzee wa Duara, yaani mzee wa shimo la kuchimbia. Aliheshimika sana. Mtu akiuliza mwamba wa rangi fulani unaelekea wapi, au kamba ya kushukia inakaguliwaje, Mzee wa Duara anajibu kwa utaratibu, na watu wanashukuru, mkuu ubarikiwe, mkuu uandike kitabu. Adui yake alikuwa mmoja anayejiita Nyundo ya Kahama. Huyo ni mchokozi wa kuzaliwa. Kila uzi wa Mzee wa Duara yeye ndiye wa kwanza kuwahi kiti cha mbele, na maneno yake ni yale yale, kwamba huyu mzee anasimulia ya kusikia, hajawahi kushika sururu maisha yake yote.

Mwezi wa nane walilumbana siku tatu mfululizo. Nyundo ya Kahama aliandika kwamba upande wetu huu wa Kharumwa hakuna kitu, na Mzee wa Duara ni mpiga soga. Watu wakacheka. Hasira zikampanda mzee, akaanzisha uzi kwamba yeye amepata jiwe lenye dhahabu ya kuonekana kwa macho, tena juu juu tu, shambani kwake mwenyewe. Mara wakaanza kumwandama: tupia picha, mkuu, bila picha hii ni chai. Basi Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu, baada ya swala, akatupia picha. Kiganja, juu yake jiwe jeupe, na ndani ya jiwe mstari wa njano mwembamba. Jiwe la kweli kabisa, hata Nyundo ya Kahama alinyamaza.

Kosa lake ni nyuma ya kiganja. Kwa nyuma lilionekana lile jiwe letu kubwa lililopasuka katikati, ambalo wewe na mimi tulikuwa tukijificha kwenye mpasuko wake wakati wa kutumwa maji. Wachimbaji, kaka, hawaangalii picha kama sisi. Wewe unaangalia dhahabu, wao wanaangalia milima. Kabla ya alasiri mmoja alishaandika kwamba jiwe hilo analijua, liko Kharumwa, nyuma ya nyumba ya marehemu Fikirini aliyekuwa akiuza vitenge.

Mzee wa Duara alipoona vile alitaka kuirudisha nyuma. Akaandika kwamba uzi wote ni chai, jiwe si la pale, ameghadhibishwa tu akatunga, watu wasihangaike. Wapi! Wakamjibu kwamba wanamjua, ameona watu wanakuja na sasa anataka kuficha ale peke yake. Akaomba modi waufute uzi, wakaufuta, na hapo ndipo kila mtu aliposadiki kuwa mali ipo. Laiti angenyamaza wangekuja hamsini. Kwa kukana walikuja karibu mia tatu.

Jumamosi asubuhi tuliamshwa na pikipiki. Wewe rashi, watu kukimbilia dhahabu mahali pamoja, unazisikia tu, hujawahi kuiona ikianzia mlangoni kwenu. Walikuja na sururu, nyundo, tindo, madumu ya maji, na mama ntilie wawili na masufuria yao tayari. Walikuwa hawana ubaya na sisi. Mmoja alinisalimia mwangaluka kwa heshima zote huku anachomeka kijiti chake kwenye tuta langu la karanga. Kijiti kikishachomekwa, hapo ni pake, na mwenye shamba atapewa mgawo wake wa mifuko ya mawe. Ndiyo desturi yao. Ila vijiti vilikuwa vinasogea upande wa jiwe lililopasuka, na hatua kumi kutoka kwenye jiwe ndipo alipolala Baba. Nilipiga simu serikali ya kijiji, nikaambiwa wanakuja. Walikuja Jumatatu.

Mama alitoka na ule mtandio wake mweusi, akaburuta kigoda, akakaa kati ya kaburi na watu. Nilidhani atalia au atawalaani. Hakufanya hata kimoja. Aliyekuwa mbele alimwamkia shikamoo, kwa sababu mtoto wa Kisukuma hata akiwa na wazimu wa dhahabu hampiti mama mtu mzima bila kumwamkia. Mama akaitika marahaba, akamuuliza kwa lugha yao:

"Ng'wana nani?"

Mwana wa nani. Yule kijana akataja jina la baba yake. Mama akamuuliza wa kijiji gani, akaambiwa, akasema mama yako namjua, alinunua kwetu kitenge cha arusi akalipa kwa mpunga, mpe salamu zangu. Kisha akamwonyesha kaburi, akamwambia huyo ndiye mume wangu aliyempimia kile kitenge. Kijana aling'oa kijiti chake, akaenda kukichomeka upande wa barabarani. Akaja wa pili. Ng'wana nani? Wa tatu. Ng'wana nani? Kaka, alikaa pale kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni, akipumzika kwa swala tu. Sijui aliwauliza wangapi. Ninachojua ni kwamba wale waliokuja bila majina, wote mkuu na mkuu, kila mmoja alipita mbele ya Mama akataja baba yake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutaja baba yake halafu akachimba mguuni pa Baba yetu.

Wakachimba upande wa barabarani, mashimo manne, siku mbili. Wakaponda mawe, wakaosha kwenye karai, wakatazama. Patupu. Jumatatu asubuhi mzee mmoja wao, Ignas, anayesikilizwa na wote, aliosha karai la mwisho mwenyewe, akalimwaga, akasema hapa tumedanganywa. Kufikia alasiri walibaki wachache.

Lakini hao wachache walikuwa na hasira, na walitaka kumjua Mzee wa Duara. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Aliyepiga picha lazima awe anaingia uani kwa akina Fikirini. Anayekaa uani na ni mchimbaji na ana simu kubwa ni mmoja tu. Wakamfuata Donatus. Wakamuuliza kama ni yeye, na mimi nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni, nasikia kila neno. Donatus alinitupia jicho, kisha akawaambia kwamba kama wanataka mtu wa kumlaumu wamlaumu yeye, lakini waondoke kwa yule mama. Ignas aliwazuia wasimpige. Jioni ile Donatus alifunga godoro lake kwenye pikipiki akaenda machimboni Mwakitolyo. Chumba akakifagia, funguo akamwachia Mama.

Hivyo ndivyo ulivyosikia, na hivyo ndivyo nilivyokuacha uamini.

Sasa kaa chini kama ulikuwa umesimama. Mzee wa Duara ni mimi.

Ni mimi, kaka. Mimi Tabu, mdogo wako, mwenye kibanda cha kuchaji simu. Miaka mitatu nimekuwa mzee wa shimo na sijawahi kushuka hata futi moja, Nyundo ya Kahama alisema kweli na ndiyo maana iliniuma. Yale yote niliyoyajua niliyasikia kibandani. Wachimbaji wanakuja kuchaji, wanakaa kwenye benchi saa mbili tatu, wanazungumza kuhusu mwamba na kamba na hewa ya chini kana kwamba mimi sipo. Nami nasikia, nauliza kidogo, nakwenda kuandika. Siku moja nilijaribu kuchangia kibandani kwa mdomo wangu, wakaniambia dada wewe angalia chaji. Kwenye Jukwaa la Mwamba jambo lile lile nililoliandika kwa jina la mzee liliniletea mkuu ubarikiwe thelathini na nane. Nilizihesabu. Nilipenda kuitwa mkuu, kaka, sitakuficha, nililipenda neno hilo kuliko ninavyopenda kuitwa jina langu.

Na lile jiwe lilikuwa la Donatus. Alilitoa Mwakitolyo, akaniachia kibandani nimwekee wakati simu yake inachaji, kwa sababu ananiamini. Mimi nikalichukua kwenye pochi, nikaenda nalo kwa Mama, nikalipiga picha nyuma ya nyumba kwa kuwa mwanga ulikuwa mzuri. Nikamrudishia jioni na tabasamu.

Kwa hiyo unaona. Donatus alipoiona ile picha aliona jiwe lake. Alijua tangu Ijumaa. Waliposimama mbele yake na sururu alikuwa na neno moja tu la kusema angekuwa salama, naye akalimeza. Na mimi nilikuwa mlango wa jikoni na neno moja tu la kusema, nikalimeza pia. Tofauti ni kwamba lake lilimwokoa mtu.

Siku kumi na moja nilikaa hivyo. Chakula kilikuwa hakishuki. Mama alifikiri ni malaria, akanipeleka nikapimwe, sikuwa nayo. Ulipopiga simu ukasema Donatus asikanyage tena kwetu, nikasema ndiyo kaka, nilikata simu nikaona aibu mbele ya chaja zangu. Ijumaa ya tarehe sita nilifunga kibanda nikapanda pikipiki hadi Mwakitolyo. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo anakula viazi. Nilikuwa nimepanga maneno marefu njia nzima, na yote yakapotea, nikamwambia tu ni mimi. Akacheka, kaka. Alicheka mpaka kiazi kikamdondoka. Aliniambia:

"Dada Tabu, mimi nakujua mwaka wa pili huu. Kila ninachokisema kibandani Jumatatu, Mzee wa Duara anakiandika Jumatano, mpaka na makosa yangu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuwaambia. Akasema wale watu walikuwa na hasira na mimi ningeumia, na tena Mama alimuuguza alipokuwa na homa ya matumbo, hakuona vipi angemtaja mtoto wake mbele yake. Akasema pia, na hili alilisema bila kucheka, kwamba alikuwa akisubiri nije, na kwamba siku ya kumi alianza kukata tamaa. Nililia pale mbele ya watu. Yeye akanipa kiazi.

Kesho yake nikamwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso mpaka nilipomaliza. Akaweka ungo chini, akaniangalia kama alivyowaangalia wale vijana, akaniuliza:

"Na wewe, ng'wana nani?"

Nikasema mwana wa Fikirini. Akasema basi nenda ukamwambie mwenyewe. Nikaenda hadi kwenye jiwe lililopasuka, nikamwambia Baba yote, kwa sauti, kuanzia jina la uongo hadi mlango wa jikoni. Kuku walinisikiliza. Niliporudi Mama alikuwa ameshabandika wali, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili nilikula nikashiba. Aliniambia moja tu zaidi, kwamba kwako niandike mwenyewe, yeye hatanisemea.

Jumapili niliingia Jukwaa la Mwamba nikaanzisha uzi wa mwisho. Niliandika kwamba Mzee wa Duara si mzee wala hajawahi kushuka duarani, kwamba jiwe lilikuwa la mtu mwingine wa mahali pengine, kwamba Donatus hana kosa lolote, na chini nikaweka jina langu na la baba yangu na mahali kilipo kibanda changu. Nilitegemea matusi, na yalikuja. Modi wamenipiga ban ya miezi mitatu, ni halali yangu. Lakini kati ya matusi yalikuwemo mengine. Mchunguliaji mmoja ambaye hajaandika neno tangu jukwaa lianze, aliandika kwamba anaitwa Generosa, ana karasha Mwakitolyo, na yeye pia wanamwambia aangalie sufuria. Na Nyundo ya Kahama, huyo mchokozi, aliandika mstari mmoja: pole dada, mimi mwenyewe ni fundi cherehani. Nilicheka peke yangu kibandani mpaka wateja wakanishangaa. Na wiki hii mzee Ignas alikuja kuchaji, akaketi, akaniuliza mimi naonaje kuhusu ile kamba mpya ya plastiki. Akaniuliza mimi, kaka, na jina langu analijua.

Donatus amerudi tangu Alhamisi. Mama alimrudishia funguo, akamwekea sahani. Sasa kimebaki cha kwako. Wewe ndiye mkubwa, na pale uani neno lako ndilo la Baba. Usimwandikie mwenyekiti. Namba ya Donatus iko nyuma ya karatasi hii. Mpigie wewe, uanze wewe kumsalimia, na ukimaliza naye nipigie mimi unigombeze utakavyo. Safari hii nitakusikiliza mpaka salio liishe, maana mzigo niliokuwa nao nimeshautua na nina nafasi ya kubeba maneno yako.

Msalimie sana wifi Rukhsana, mwambie dawa ya goti aliyomtumia Mama ilifika na Mama anaisifia kwa majirani ingawa hajaifungua. Wabusu watoto. Mama anakuombea kila swala, na anauliza utakuja lini tuzungushie ukuta mdogo pale kwa Baba, mawe tunayo, wachimbaji wametuachia rundo.

Ni mimi mdogo wako, kwa jina langu lote,

Tabu binti Fikirini